Bakteria wawili kutoka tope la mikoko: je, asilimia ya 16S inatosha kusema kwamba nimepata spishi mpya?

Mwanamikoko aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Ninasoma shahada ya uzamili katika mikrobiolojia, na utafiti wangu unahusu bakteria wanaoishi katika mashapo ya pwani ya kusini ya Kenya, hasa tope la mikoko. Sampuli nilizichukua wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, kwenye ukingo ambapo mililana inakoma na mikoko yenyewe inaanza. Tope la hapo lina utando mwembamba wa rangi ya kahawia, na ukiuondoa kwa kijiko unakutana mara moja na tope jeusi linalonuka kama mayai viza. Nililizimua kwa maji ya bahari yaliyotakaswa kwa mvuke, nikapaka kwenye agari ya ZoBell 2216 (chakula cha kuoteshea bakteria wa baharini), nikaweka sahani katika inkubeta yenye nyuzi joto 28.

Miongoni mwa bakteria niliowatenga, wawili wamenishughulisha sana. Wa kwanza hutoa koloni ndogo za mviringo, zenye rangi ya malai na ukingo laini. Wa pili hutambaa haraka juu ya agari, na nikizima taa za maabara nikasubiri macho yazoee giza, naona mwanga hafifu wa buluu ukitoka kwenye sahani. Nilikuza kwa PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, jeni la 16S la kila mmoja, yaani jeni ambalo kila bakteria analo na hutumika kumtambulisha, nikapeleka lisomwe kwa njia ya Sanger kwa kutumia praima moja tu (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha usomaji), nikarudishiwa herufi za DNA zipatazo 800 kwa kila mmoja. Nilipozilinganisha na hifadhidata, yule wa kwanza alifanana kwa asilimia 97.8 na spishi mojawapo ya Marinobacter, na wa pili alifanana kwa asilimia 99.6 na Vibrio harveyi.

Wenzangu maabarani wanashauri kwamba yule wa kwanza ni spishi mpya bila shaka, kwa hiyo nianze kuandika makala ya kumtangaza, na kwamba wa pili hana jipya, nimwache. Sitaki kutangaza jambo ambalo halijathibitika, na wala sitaki kutupa kitu chenye thamani kwa kutojua. Naomba mnieleze, asilimia hizi zinathibitisha nini hasa, na ni kazi gani inayobaki kati ya hapa nilipo na siku ambayo bakteria huyu ataweza kupewa jina linalotambuliwa na wanasayansi wa dunia nzima?

---

Mpima Jenomu alijibu:

Ndugu Mwanamikoko, pokea pongezi kwa kuuliza kabla ya kuandika. Nitaanza na streni ya kwanza (streni ni ukoo mmoja safi wa bakteria uliotengwa), lakini nakuomba ile ya pili irudi kwenye friza leo hii, kwa sababu huenda ndiyo yenye maelezo mengi zaidi.

Kipimo ambacho wenzako wanakitegemea kina historia yake. Mwaka 1994 Stackebrandt na Goebel walionyesha kwamba bakteria wawili ambao mfuatano wao wa 16S unafanana kwa chini ya asilimia 97 hawawezi kuwa spishi moja. Baadaye data zilipoongezeka, Stackebrandt na Ebers walikipandisha kikomo hicho mwaka 2006 hadi kati ya asilimia 98.7 na 99, na mwaka 2014 Kim na wenzake, wakilinganisha maelfu ya jenomu (jenomu ni DNA yote ya kiumbe), wakafikia asilimia 98.65. Kwa hiyo asilimia 97.8 yako ingekuwa juu ya kikomo cha 1994, ila iko chini ya kikomo kinachotumika leo. Hadi hapo wenzako wana hoja.

Lakini kikomo hiki kinafanya kazi upande mmoja tu, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Ukiwa chini yake, karibu una hakika kwamba hao ni spishi mbili. Ukiwa juu yake, hujaambiwa lolote: wanaweza kuwa spishi moja, na wanaweza kuwa spishi mbili zilizotengana zamani huku jeni lao la 16S likibaki vilevile, maana jeni hilo hubadilika polepole mno. Ndiyo maana linatusaidia kuipata jenasi kwa urahisi na kutuacha njiani tunapofika kwenye spishi.

Sasa tazama hesabu yako mwenyewe. Jeni zima la 16S lina herufi zipatazo 1,500, nawe unazo 800. Asilimia 97.8 ya herufi 800 ina maana kwamba tofauti ulizozihesabu ni kama 18 tu. Mfuatano wa Sanger huharibika kuelekea mwisho, ambako vilele vya rangi kwenye grafu hupanuka na kuingiliana, na programu hulazimika kubahatisha herufi. Ikiwa kwa mfano tofauti 10 kati ya hizo 18 zimelala katika herufi 60 za mwisho, ukizikata hizo 60 utabaki na tofauti 8 katika herufi 740, na ufanano wako utapanda hadi asilimia 98.9. Kwa mkato huo mmoja, bakteria uliyemdhani mpya anavuka kikomo kwenda upande wa pili. Fungua faili la grafu lenyewe na usiridhike na faili la herufi. Kisha soma jeni lote kwa praima za pande zote mbili, 27F na 1492R, ili kila herufi ya katikati ishuhudiwe mara mbili.

Angalia pia ulilinganisha na nini. Ukitafuta katika hifadhidata nzima ya NCBI, ile hazina ya mifuatano ya DNA iliyo wazi kwa umma, utaletewa mifuatano ya bakteria wasiowahi kuoteshwa na mingine iliyobandikwa majina yasiyo sahihi na walioiweka. Kinachohesabika katika taksonomia, yaani elimu ya kuainisha viumbe na kuvipa majina, ni ufanano na streni ya kielelezo ya kila spishi, yaani ile streni moja ambayo jina la spishi limefungwa kwake daima. Hifadhidata ya EzBioCloud imejengwa kwa ajili hiyo, na hata NCBI inakuruhusu kuubana utafutaji uishie kwenye vielelezo tu.

Nije kwa streni ya pili. Vibrio harveyi ana jamaa wa karibu, miongoni mwao V. campbellii, V. owensii na V. rotiferianus, ambao 16S zao hufanana kwa zaidi ya asilimia 99 na bado ni spishi tofauti zilizotambuliwa rasmi. Asilimia 99.6 kwa kundi hilo inakuambia kwamba umefika kwenye ukoo, basi. Streni mashuhuri iitwayo BB120, ambayo kwayo sehemu kubwa ya elimu ya mawasiliano baina ya bakteria ilipatikana, iliitwa V. harveyi kwa miaka mingi katika maabara bora za dunia, mpaka ulinganisho wa jenomu uliochapishwa mwaka 2010 ulipoonyesha kwamba ni V. campbellii. Nayo ni streni inayong'aa gizani kama yako. Ikiwa streni hiyo, iliyochunguzwa kuliko nyingi, ilidumu na jina lisilo lake, mimi singemtupa Vibrio wa mikoko ya Kenya kwa sababu ya herufi 800.

Mfano wa mashapo unaonifundisha zaidi ni jenasi Salinispora. Hawa ni aktinobakteria wa mashapo ya bahari za joto, waliotengwa kwanza katika mchanga wa bahari ya Bahamas na Paul Jensen na William Fenical, nao hawaoti bila maji ya bahari. Mwaka 2005 zilitangazwa spishi mbili, S. tropica na S. arenicola, ambazo 16S zao zinatofautiana kwa herufi chache tu, zaidi ya asilimia 99 zikiwa sawa. Kama watafiti wangesimama kwenye 16S, wangeandika spishi moja, na tofauti ya kemikali zinazotengenezwa na kila mmoja isingeeleweka: S. tropica ndiye chanzo cha salinosporamidi A, kampaundi iliyofika hadi kwenye majaribio ya tiba ya saratani kwa binadamu. S. pacifica aliongezwa rasmi mwaka 2013, na mwaka 2020 jenomu zikawezesha spishi nyingine 6 kuelezwa, jumla zikawa 9, zote zikiwa zimebanana ndani ya asilimia moja hivi ya 16S.

Kwa hiyo jibu langu ni jenomu, na kwa streni zote mbili. Tangu mwaka 1987, kamati iliyoongozwa na Wayne ilipoweka kanuni, spishi ya bakteria imekuwa ikipimwa kwa kuchanganya DNA ya streni mbili na kuona zinashikamana kwa kiasi gani, na asilimia 70 ikawa mpaka. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, iliwezekana katika maabara chache, na matokeo ya maabara mbili yalikuwa nadra kulingana. Leo tunasoma jenomu na kukokotoa wastani wa ufanano wa herufi katika sehemu zote zinazolingana, unaofupishwa ANI. Goris na wenzake mwaka 2007, kisha Richter na Rosselló-Móra mwaka 2009, walionyesha kwamba ile asilimia 70 ya zamani inaangukia kwenye ANI ya asilimia 95 hadi 96. Seva ya TYGS ya DSMZ, ile hazina ya vijiumbe iliyoko Braunschweig nchini Ujerumani, itaipokea jenomu yako bila malipo, itatafuta vielelezo vilivyo karibu nayo, na itakukadiria ule mshikamano wa DNA kwa njia ya kompyuta. Hakikisha tu kwamba jenomu imesomwa kwa kina cha mara 50 au zaidi (yaani kila herufi isomwe kwa wastani mara 50), kama viwango vilivyopendekezwa mwaka 2018 na Chun na wenzake vinavyotaka, na kwamba haina DNA ya bakteria mwingine ndani yake. Ukipata ANI chini ya 95 dhidi ya kila kielelezo cha karibu, hapo ndipo utasema una spishi mpya na hakuna atakayekupinga kwa haki.

---

Fundi wa Sahani alijibu:

Nakubaliana na Mpima Jenomu, nami nitaongeza mambo ya mezani, maana jenomu nzuri ya bakteria aliyechanganyika na mwenzake ni fedha iliyopotea.

Bakteria wa mashapo hupenda kukaa pamoja. Koloni inayoonekana safi kwa jicho inaweza kuwa na mwingine mdogo aliyejificha ndani ya ute wa mwenzake, na hasa huyo Vibrio wako anayetambaa anaweza kumfunika mwenzake kabisa asionekane. Chora upya kutoka koloni moja mara kadhaa, na kila mara tazama chini ya darubini baada ya kupaka rangi ya Gram. Usiendelee mpaka seli zote ziwe za umbo moja. Kisha rudi kwenye grafu ya Sanger. Ukiona mahali ambapo kilele chekundu na kilele cha kijani vimesimama pamoja kwa urefu unaokaribiana, simama uulize kwa nini. Vilele pacha vingi kuanzia mwanzo hadi mwisho huwa ni dalili ya mchanganyiko. Lakini kwa Vibrio, vilele pacha viwili au vitatu pekee vinaweza kuwa halali kabisa, kwa sababu seli moja ya Vibrio hubeba nakala nyingi za jeni la 16S na nakala hizo hazifanani zote herufi kwa herufi.

Jambo la pili ni chumvi. Kutoka baharini hakumfanyi bakteria kuwa wa baharini, maana mto, mvua na watu huleta wa nchi kavu kila siku, na baadhi yao huvumilia chumvi vizuri. Andaa msururu wa vyakula vyenye chumvi kuanzia sufuri hadi asilimia 15 hivi, uone anaanzia wapi, anastawi wapi na anakomea wapi. Halafu fanya jaribio ambalo wengi hulisahau: badilisha kloridi ya sodiamu kwa kloridi ya potasiamu kwa nguvu ileile. Akiota, alikuwa akihitaji ukali wa chumvi majini tu, iwe ya aina yoyote. Akigoma, ni sodiamu yenyewe anayoihitaji, na hiyo ni tabia ya mkaazi halisi wa bahari. Usitumie agari ya ZoBell ya pakiti katika jaribio hili, kwa kuwa tayari ina zaidi ya gramu 19 za kloridi ya sodiamu katika kila lita. Tengeneza chakula chako mwenyewe tangu mwanzo.

La tatu ndilo linalogharimu. Vielelezo vya spishi zilizo karibu inabidi viwe mezani kwako, vioteshwe kwenye chakula kilekile, joto lilelile, hadi umri uleule, kisha vipimwe siku moja na streni yako. Nimesoma miswada ambayo mwandishi amechukua orodha ya asidi za mafuta za spishi jirani kutoka makala ya zamani na kuiweka kando ya zake. Ulinganisho huo hauna maana, kwa sababu bakteria hubadilisha mafuta ya utando wake kufuatana na joto na chakula. Ukimwotesha kwa nyuzi 20 na tena kwa nyuzi 30 atakupa orodha mbili. Kwinoni, yaani molekuli za utando wa seli zinazosaidia upumuaji, ni tulivu zaidi. Marinobacter kwa kawaida huwa na Q-9 na Vibrio huwa na Q-8, kwa hiyo streni yako ya kwanza ikikupa Q-8 kama kwinoni kuu, usiendelee mbele kabla ya kujua kama kweli uko katika jenasi unayoidhani.

Na kabla ya yote hayo, gandisha. Gliseroli ya asilimia 20, nyuzi 80 chini ya sufuri, mirija kadhaa, nayo igawanywe katika friza mbili zilizo kwenye nyaya tofauti za umeme. Umeme wa pwani tunaujua.

---

Mwanamikoko aliandika:

Nawashukuru sana. Nimeifungua grafu ya streni ya kwanza, na ni kweli kwamba sehemu ya mwisho imevurugika, kwa hiyo nitaisoma upya kwa pande zote mbili kabla sijasema lolote. Vibrio yuko salama kwenye friza.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Nimesikia kwamba spishi haitambuliwi mpaka streni yake iwekwe katika nchi mbili, na kwamba kupeleka bakteria nje ya Kenya kunahitaji vibali ambavyo vinaweza kuchukua muda mrefu kuliko utafiti wenyewe. Je, kuna njia ya kukwepa sharti hilo? Na pili, lile tope jeusi la chini linanitia huzuni, kwa sababu karibu kila nilichootesha nadhani kimetoka kwenye utando wa juu. Je, spishi mpya hazimo zaidi huko chini?

---

Mwalimu wa Majina alijibu:

Mwanangu, nianze na swali la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi. Ni kweli. Katika tope la mikoko oksijeni huishia milimita chache tu kutoka juu, na chini ya hapo wanatawala bakteria wanaopumua salfeti, ambayo maji ya bahari yanayo kwa wingi. Weusi uliouona ni salfidi ya chuma na harufu ni salfidi ya hidrojeni, vyote vikiwa mazao ya kazi yao. Bo Barker Jørgensen alikadiria mwaka 1982 kwamba kiasi cha nusu ya uozo wote wa mata ogani katika mashapo ya pwani hufanywa na bakteria hao. Sahani yako iliyokaa wazi hewani haiwezi kuwaotesha. Lakini hiyo ni tasnifu nyingine, yenye chupa zilizozibwa, gesi ya nitrojeni na subira ya miezi. Maliza hawa wawili kwanza.

Swali la kwanza linahitaji maelezo. Tangu mwaka 2001, Kanuni ya 30 ya Kodi ya Kimataifa ya Majina ya Prokarioti (yaani mkusanyiko wa kanuni za kuwapa majina bakteria na arkea, vijiumbe vinavyofanana nao) inataka streni ya kielelezo iwe hai na iwe imewekwa katika hazina mbili zinazotambuliwa, katika nchi mbili tofauti, na ipatikane kwa mtafiti yeyote atakayeiomba. Utaambatanisha vyeti vya amana unapoleta makala yako katika IJSEM, jarida rasmi la majina hayo. Ukichapisha katika jarida lingine, itabidi uwapelekee nakala na vyeti ili jina liingie katika orodha yao ya uthibitisho. Bila hivyo jina lako litabaki maandishi tu. Hazina zinazotumiwa sana ni DSMZ ya Ujerumani, JCM ya Japani, KCTC ya Korea Kusini, NCIMB ya Uingereza na LMG ya Ubelgiji.

Sharti la kupatikana kwa kila mtu ndilo linalogongana na sheria zetu, na nakusihi usilione kuwa urasimu mtupu. Kenya ina kanuni za kupata rasilimali za kijenetiki na kugawana faida tangu mwaka 2006, nayo ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu jambo hilohilo, iliyoanza kutumika mwaka 2014. Tuna sababu. Vijiumbe kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa vilichukuliwa miaka ya tisini, vimeng'enya vyake vikaingia katika biashara ya kufulia na kufifisha nguo za jinzi ng'ambo, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya likajitokeza hadharani kudai kwamba nchi haikupata fungu lake. Tope la mikoko yetu lisipite njia hiyohiyo. Wavuvi na akina mama wanaoitunza mikoko hiyo wana haki ndani ya kila mrija utakaosafiri.

Kwa hiyo usitafute njia ya kukwepa. Ombi la leseni ya utafiti kwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, bila shaka ulishalifanya. Sasa omba kibali cha kupata rasilimali za kijenetiki kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chenye ridhaa ya awali na makubaliano ya masharti, na ndani ya ombi hilo andika wazi kwamba streni itawekwa katika hazina za umma kwa ajili ya utafiti wa taksonomia. Wengi hukwama kwa sababu kibali chao kinazuia kugawa streni kwa mtu wa tatu, nalo jarida likiona kizuizi hicho linakataa. Andikieni hazina mapema, muwaulize wanataka maneno gani kwenye kibali, halafu muyapeleke maneno hayo NEMA. Anza mwezi huu, wakati mfuatano wa 16S bado unasomwa, badala ya kusubiri jenomu.

Njia mbadala zipo, ila hazikufai. Bakteria asiyeoteshwa hupewa hadhi ya Candidatus, yaani jina la muda, kama alivyopewa Thiomargarita magnifica wa mikoko ya Guadeloupe mwaka 2022, ambaye seli yake moja hufikia urefu wa sentimita moja hivi na huonekana bila darubini. Mwaka huohuo ilizinduliwa SeqCode, kodi inayokubali jenomu kuwa kielelezo badala ya streni hai. Nina heshima kwa kazi hiyo, na kwa wale wa tope jeusi huenda ndiyo njia pekee. Lakini wewe bakteria wako anaota. Mwanafunzi wa Tanga au wa Maputo atakayetaka kumlinganisha na wake miaka 30 ijayo atahitaji mrija wenye seli hai, na faili la kompyuta halitamtosha.

Kuhusu jina lenyewe, utalitafuta ukifika huko. Liwe la Kilatini au lililotengenezwa kwa sura ya Kilatini, lisiwe limekwisha kutumika katika jenasi hiyo, na uliangalie katika LPSN, orodha ya mtandaoni ya majina ya bakteria, kabla hujalipenda sana. Mahali panafaa kubebwa na jina: arkea wa Ziwa Magadi aliitwa Natronobacterium magadii mwaka 1984, na hata alipohamishiwa jenasi ya Natrialba, Magadi ilihama naye.

---

Mpima Jenomu aliongeza:

Mwalimu amesema yote kuhusu amana. Mimi nina neno moja la tahadhari ambalo linawahusu sana watu wa Marinobacter. Mwaka 1999 ilitangazwa spishi M. aquaeolei, kutoka kisima cha mafuta baharini kusini mwa Vietnam. Mwaka 2005 Márquez na Ventosa wakaonyesha kwamba ilikuwa spishi moja na M. hydrocarbonoclasticus, ambayo ilikwisha kuelezwa mwaka 1992 kutoka Bahari ya Mediterania, na kwa kuwa jina lililotangulia ndilo lenye haki, lile la 1999 likaondolewa. Waliolitoa hawakuwa wazembe. Walikuwa na streni moja, na streni moja haionyeshi spishi inatanuka hadi wapi.

Kwa hiyo wakati vibali vinashughulikiwa, rudi topeni. Chukua sampuli kwenye ghuba nyingine, na kama unaweza, moja ya kaskazini kama Mida, chini ya mchu na chini ya mkandaa pia, kisha otesha kwa chakula kilekile na utafute koloni zile ndogo za rangi ya malai. Tengeneza praima zinazolenga sehemu ya 16S ambapo streni yako inatofautiana na jirani zake, ili usilazimike kusoma kila koloni. Ukipata streni tatu au nne kutoka mahali tofauti, zenye ANI ya juu ya 96 baina yao na chini ya 95 dhidi ya kila kielelezo, maelezo yako yatasema ni tabia zipi za spishi nzima na zipi za streni moja tu. Ukikosa, tafuta mfuatano wako katika hifadhidata za DNA ya mashapo zilizo wazi kwa umma; huenda alishaonekana Australia au Bahari ya Shamu bila kuoteshwa, na hilo nalo ni la kuandikwa.

Na mfuatano kamili wa 16S ukikamilika, weka hapa grafu za pande zote mbili, tutazisoma pamoja nawe kabla ya kulipia jenomu.